Nimeitwa Mara Moja Kwenye Shamba la Zabibu

Leo uso wangu nimeuacha kwenye shamba la zabibu, njia ya kwenda Mvumi. Atakayeuokota anirudishie kimya kimya.

Ngoja niwaeleze mwenyewe kabla Elia hajawaeleza, maana Elia akianza anatia chumvi na pilipili, na mbaya zaidi ana picha. (Elia, nakuomba kwa jina la mama yako, ifute.)

Kwa wasionijua: naitwa Zaituni, niko mwaka wa mwisho, nasoma fasihi hapa Dodoma. Kati ya kozi zangu kuna moja ya fasihi ya Marekani, ile ya mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Jina linasikika kama la kulala usingizi. Msidanganyike! Ni kozi ya kuogopa. Nchi yao ilikuwa bado changa, misitu minene, watu wachache, na waandishi wao wakagundua kwamba msomaji ukimpeleka msituni ukamwacha peke yake, kazi iliyobaki ataimalizia mwenyewe. Nyumba zenye nyufa. Hatua za miguu ghorofani, na ghorofani hakuna mtu. Msafiri anasikia sauti nyuma yake, akigeuka ni njia tupu. Unasoma ukiwa hosteli, taa inawaka, wenzako wanakaanga mayai, na bado unaipandisha miguu kitandani.

Mimi nilikuwa siogopi. Au tuseme nilikuwa nasema siogopi. Wiki iliyopita nilisimama darasani nikatangaza, "Mizimu ni matokeo ya kukosa umeme." Darasa likacheka, nikanogewa. Nikaongeza kwamba hofu yote ya zile hadithi iko kichwani, na kwamba mtu aliyesoma hawezi kutishwa na kichaka.

Elia akanigeukia. Elia ni kijana wa Mvumi, mwimbaji wa kwaya, mtaratibu, lakini akikuamulia hukai.

"Zaituni, wewe si mtu wa Kolo? Kwenu huko kwenye mapango ya michoro, wazee wanapiga hodi kwenye jiwe kabla ya kuingia. Leo wewe ndiye unasema hakuna kitu?"

"Wanapiga hodi kwa adabu tu," nikamjibu.

"Adabu kwa nani, kama hakuna mtu?"

Nikamwambia akanyoe ndevu.

Dokta Masinga, mama anayetufundisha, alikuwa anasikiliza huku anafuta miwani yake kwa ncha ya kanga. Akaivaa, akanitazama. "Vizuri sana. Hiyo ndiyo mada yako ya prezentesheni. 'Hofu haina mwili.' Utakuja uitetee."

Sasa muelewe nilikuwa nimesimama wapi. Kozi hii nilianguka mwaka jana, nikaibeba mpaka mwaka huu. Prezentesheni ya leo ndiyo ilikuwa inaamua. Nikianguka tena, wenzangu wanavaa majoho mimi nabaki nawapigia makofi. Na nyumbani Kolo, mama na shangazi zangu wameshashona sare ya mahafali yangu! Kitenge cha zambarau. Wamepimana mpaka vilemba. Bibi yangu mzaa mama, ambaye macho yameanza kumsaliti, cha kwake anakivaa kila Ijumaa, eti anakizoesha mwili. Utamwambiaje mtu kama huyo akivue?

Basi. Dokta akasema hadithi hizi hazisomeki chini ya feni. Prezentesheni zitafanyika kwenye nyumba ya mawe ya marehemu baba yake mkubwa, katikati ya mashamba ya zabibu, nyumba ambayo siku hizi haikaliwi. Na akatoa onyo: zamu yako ikifika hujafika, umekosa alama zote.

Leo wenzangu wakatangulia mapema. Mimi nikabaki kupiga pasi koti. Koti la suti, la mtumba, jeusi, la heshima kabisa kwa nje. Kwa ndani lina bitana ya satini nyekundu inayong'aa na sponji za mabega nene kama maandazi. (Ikumbukeni hiyo bitana.) Nikavaa na sketi yangu ndefu, mtandio mweupe, nikapanda bodaboda.

Tukaenda vizuri mpaka tulipoiacha lami. Upepo huu wa Dodoma mnaujua. Tairi likaanza kuzama kwenye mchanga, kijana wa boda akasimama.

"Dada, hapa pikipiki haiendi tena. Bati lile unaliona? Ndiyo nyumba. Fuata ua huu wa minyaa, usichepuke."

"Sawa."

"Na ukisikia mlio, usiogope. Ni shamba."

"Mlio gani?"

Alikuwa ameshageuza. Nikabaki nimesimama, jua kali la alasiri, minyaa upande huu, zabibu upande huu, na hakuna hata mbuzi.

Nikaanza kutembea huku nafanya mazoezi ya hotuba yangu, kwa Kiingereza, kwa sauti. Nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa nimefika pale ninaposema kwamba mwandishi hamwonyeshi msomaji chochote, anamsikilizisha tu, ndipo nikausikia. Mlio. Mwembamba, mrefu, kama mtu anayeguna amefumba mdomo. Ulitoka kila upande. Upepo ukipungua, unapungua. Upepo ukisimama, unasimama. Nikisimama mimi... (hapo sikutaka kuchunguza zaidi).

Nikaongeza mwendo, nikaongeza na Kiingereza.

Halafu nikaitwa.

"Chiriku!"

Mara moja. Sauti ya mwanamke, si ya juu, sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Jamani, nywele zilisimama chini ya mtandio.

Niwaambie kwa nini. Kwanza, Dodoma nzima hakuna anayelijua jina hilo. Hapa mimi ni Zaituni. Chiriku ni jina la nyumbani, alinipa Bibi kwa sababu nilikuwa nasema tangu naamka mpaka nalala. Pili, ni huyo huyo Bibi aliyenifundisha, nikiwa bado nabebwa mgongoni, sheria ya njiani: ukiitwa mahali pasipo na watu, usiitike mara ya kwanza. Ngoja. Mtu akikutaka ataita tena. Kisicho mtu huita mara moja tu, na ukikiitikia umekipa njia.

Nikangoja. Mimi, mwanachuo wa mwaka wa mwisho, mtetezi wa umeme, nimesimama katikati ya shamba nimefumba mdomo, nasubiri kuitwa mara ya pili.

Sikuitwa.

Miguu ikaamua bila kunishauri. Nikakimbia. Kufumba na kufumbua, kimbunga cha vumbi kikaja juu ya njia, kirefu, chembamba, kinatembea taratibu kama mtu mwenye safari zake. Nikakipisha! (Nilisogea pembeni kabisa na nadhani nilisema "pita tu.") Kilipopita, nilikuwa sioni minyaa. Zabibu huku, zabibu huko, mistari yote sawa. Bati halionekani. Nikashika njia moja, nikapita jiwe kubwa lililopasuka katikati. Nikaenda, nikaenda. Nikalikuta jiwe kubwa lililopasuka katikati.

Hapo elimu yangu yote ikaniaga, ikabaki ya Bibi. Na Bibi anasema: ukipotezwa, geuza nguo, uvae ndani nje, ili kilichokushika kisikutambue.

Msinitazame hivyo. Ningefanya nini? Zamu yangu ilikuwa inakaribia, vilemba vimeshapimwa, na jiwe lilikuwa linanisubiri kwa mara ya tatu. Nikajibanza nyuma ya jiwe hilo hilo. Nikageuza koti. Nikageuza sketi (nilikuwa na taiti ndani, asanteni kwa kujali). Mtandio nao nikaugeuza, ingawa mtandio hauna ndani wala nje. Nikatoka pale mwekundu kiwiliwili, mabega ya maandazi, uso mweupe kwa vumbi, nyuzi zinaning'inia. Na ili nipate moyo nikaianza upya hotuba yangu, kwa Kiingereza, safari hii kwa sauti ya mhubiri wa stendi. Hofu haina mwili! Hofu haina mwili!

"We nani?"

Sauti ya mwanamume. Karibu. Ng'ambo ya mistari michache ya zabibu.

Nikanyamaza. Nikangoja ya pili. Mlio unaguna, vumbi linaingia mdomoni. Ya pili haikuja. Kwa hiyo na hiki si mtu! Sikuitika. Nikaendelea na hotuba kwa nguvu mpya, macho mbele. Nikasikia majani yanavunjika, kisha vishindo vya miguu, vinakimbia, vinakwenda mbali nami. Nikasema alhamdulillahi, nguo zimefanya kazi.

Mbele kidogo nikakuta kibanda cha nyasi. Ndani yake kigoda, kombeo la kutupia ndege mawe limeachwa chini, bilauri ya chai inafuka moshi, na kiazi kilichong'atwa mara moja. Mwenyewe hayupo. Chai ya moto, na mtu hayupo! Katika kozi yetu tungejadili chai hiyo wiki nzima. Mimi sikuijadili. Nilitoka hapo mbio, na kumbe njia ya kibanda ndiyo njia ya nyumba, maana niliibuka moja kwa moja mbele ya baraza.

Wote walikuwepo. Darasa zima, Dokta Masinga kwenye kiti, na mbele yao mzee mmoja wa Kigogo, mwembamba, amevua kofia, anahema, anaeleza kwa mikono miwili. Huyo ni Mzee Yona, mlinzi wa shamba. Maneno yake niliyasikia kabla hawajaniona.

"Jekundu! Lina mabega hivi! Limetokea kwenye lile jiwe, linasema lugha haijulikani. Nimeliita, haliitiki! Mtu ukimwita anaitika, mwanangu. Kinachoitwa kikanyamaza si mtu!"

Ndipo upepo ukalifungua vumbi, nikawa nimesimama hapo.

Sijui niwaelezee vipi ukelele ule. Wasichana wawili wakaingia ndani ya nyumba kupitia dirishani. Kijana mmoja aliyekuwa anakunywa soda aliimwaga yote kifuani mwake. Elia, mwimbaji wa kwaya, mtetezi wa mizimu, alipiga picha kwanza, ndipo akakimbilia nyuma ya tangi la maji. Mzee Yona akainua fimbo.

Mimi nikafanya kitu pekee ambacho mwili wangu unajua kufanya mbele ya mzee.

"Shikamoo, babu."

Fimbo ikabaki juu. Mlio unaguna mashambani.

"Marahaba," akasema. Ilimtoka tu, kwa mazoea. Akashtuka mwenyewe. "Hebu rudia."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akashusha fimbo, akawageukia wenzangu kama hakimu. "Huyu ni mtu. Shetani hana adabu." Halafu akanirudia kwa hasira ya mtu aliyeacha chai yake. "Sasa mbona nimekuita ukanyamaza?"

"Babu, uliita mara moja."

"Ulitaka niite mara ngapi?"

Tukatazamana. Kumbe yeye kafundishwa nusu ya sheria na mimi nusu nyingine. Mimi naogopa kinachoita mara moja, yeye anaogopa kisichoitika, na katikati yetu zabibu za watu zimekanyagwa. Nikaona aibu mpaka kwenye nyayo. Lebo ya koti ilikuwa inapepea shingoni. Mfuko wa sketi umetoka nje, unaning'inia ubavuni kama sikio la mbuzi.

Dokta Masinga akatazama saa yake.

"Zaituni, zamu yako."

"Dokta, naomba kwanza nikageuze..."

"Zamu ni sasa."

Nikapanda barazani hivyo hivyo. Karatasi zangu sijui zilibaki kwenye jiwe gani. Nikafungua mdomo, ikatoka ile ile niliyoizoea: "Hofu haina mwili."

"Inao!" Elia akapaza sauti kutoka nyuma ya tangi. "Na una sponji mabegani!"

Darasa likaangua kicheko. Walicheka mpaka Mzee Yona, ambaye hakuelewa prezentesheni ni nini, akacheka. Nilitaka kulia. Kwa kweli machozi yalishafika. Nikakiona kitenge cha zambarau, nikamwona Bibi anakivua, na hapo nikaacha hotuba niliyoikariri. Nikawaeleza tu kilichonipata tangu boda aliponishusha. Nikasema waandishi wale hawakuhitaji kuleta mzimu. Walihitaji mtu mmoja mwenye sheria aliyofundishwa utotoni, na kimya baada ya sauti. Shamba litafanya mengine. Nikamuuliza Mzee Yona ule mlio ni wa nini, akasema ni tepu za kaseti za zamani, amezifunga kwenye nguzo zikaze, upepo ukipita zinaguna, ndege wanakimbia.

"Na wanachuo," akaongeza Elia, ambaye sasa alikuwa amesogea.

Nilipomaliza hakuna aliyekuwa anacheka. Dokta akaandika kwa muda mrefu. "Mada yako umeiangusha mwenyewe," akasema. "Lakini mwaka jana ulinikaririshia kitabu. Leo umekisoma. Wape salamu nyumbani, waambie mahafali yapo." (Jamani! Nilimkumbatia na vumbi langu lote.)

Hapo ningemaliza, tukacheka wote, tukalala. Lakini wakati tunakusanya viti Dokta akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mzee alikuita 'we nani.' Ile ya kwanza, iliyokuita kwa jina, alikuwa nani kati yetu?"

Nikawatazama. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ametoka barazani, na hakuna aliyelijua jina hilo. Mzee Yona akavaa kofia yake akasema anarudi kwenye chai. Nikaona hata yeye hakwenda peke yake, alimwomba Elia amsindikize.

Nikapanda juu ya mawe kutafuta mtandao, nikampigia mama, nikaomba apewe Bibi. Kutoka hapa mpaka Kolo ni asubuhi nzima kwa basi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Chiriku wangu. Umekula?"

"Nimekula. Bibi, leo alasiri ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nashona. Pindo la kile kitenge chako cha mahafali limefumuka. Sindano nayo, uzi haupiti, macho haya hayana kazi tena. Nikakuita uje unitungie." Akacheka kidogo. "Nimezeeka, mjukuu wangu. Nikasahau kama hupo. Nyumba ilivyonyamaza ndipo nikakumbuka uko Dodoma."

Upepo ulikuwa umesimama kabisa.

"Uliita mara ngapi, Bibi?"

"Mara moja tu. Kwani ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Bibi hakushangaa hata kidogo. Akauliza tu, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amekaa na sindano yake mkononi anasubiri, "Sasa mbona hukuitika?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Bibi."

Nilisikia anavuta pumzi. "Basi siku nyingine nitaita mara mbili."

"Hapana, Bibi. Ita mara moja tu, inatosha." Nilikuwa nalia waziwazi sasa, juu ya mawe, koti ndani nje.

Haya, chekeni, picha mtaiona tu. Ila naomba asitokee mjinga wa kunitania kwa kuniita Chiriku nikiwa peke yangu njiani, maana kuanzia leo naitika ya kwanza.